Ruhusa ya Kulalamika

Mimi cheo sikukiomba. Kosa langu lilikuwa kuchelewa mkutano. Mteja wangu alitaka nifumue upande mmoja wa kichwa nisuke upya, na nilipofika ukumbini chama chetu cha askari wastaafu kilikuwa kimeshamaliza kugawana vyeo vya katiba mpya. Kilichobaki ni kile ambacho kila mtu alikikimbia. Nikaingia huku natafuta kiti, nikapigiwa makofi. Nikadhani wamenikumbuka.

"Hongera, Koplo," akasema Kapteni kutoka meza kuu. Kapteni ndiye mwenyekiti wetu tangu chama kianze, mrefu, mtanashati, sauti yake haihitaji spika. "Umechaguliwa kuwa Mpokea Taarifa, bila kupingwa."

"Nipokee taarifa gani, afande?"

"Za utovu wa nidhamu. Mwanachama akiona mwenzake anafanya visivyo, anakuja kwako."

"Kwa nini mimi?"

"Jeshini ulikuwa mtu wa redio. Unajua kusikiliza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana wote wanaujua mdomo wangu. Nikakaa nimenuna. Lakini mimi nikipewa kazi nisiyoitaka, basi naifanya mpaka aliyenipa ajute. Usiku ule ule niliisoma katiba, na utaratibu wenyewe ukanipendeza. Mwanachama yeyote anaweza kuja kwangu, aseme kwa mdomo, aandike au apige simu, ataje jina lake au alifiche. Nikipokea, namwambia nimepokea, kisha napeleka kwa kamati ya watu watatu, nao wanasikiliza pande zote mbili. Anayelalamikiwa, awe nani awe, hakalii kiti cha kuamua. Na aliyesema haguswi: asinyimwe huduma, asitengwe, asiitwe mchongezi. Kila kitu kilikuwa wazi kabisa, na mimi nikajiona mtu muhimu.

Nikapewa stoo ya nyuma ya ukumbi iwe ofisi. Nikatoa ngoma ya bendi iliyotoboka, nikatoa ndoo za rangi iliyokauka, nikafagia utando wa buibui, nikatundika pazia nililolitoa saluni kwangu na kuweka viti viwili vinavyotazamana. Nikaketi. Hakuja mtu.

Nikashangaa, maana saluni mambo ni tofauti. Mwanamke akikalia kiti changu, kabla sijashika kitana ameshanimwagia habari za mume, za mama mkwe na za jirani mwenye jogoo. Lakini hawa wenzangu! Aliyefika wa kwanza alikuwa sajenti mmoja mnene, akakaa, akatazama dari, akauliza kama pazia ni la kitambaa cha pamba. Nikamwambia ndiyo. Akaaga.

Waliofuata angalau walikuwa na la kusema. Mmoja alikuja kushtaki kwamba mpiga tarumbeta anapiga saluti huku ameshika kikombe. Mwingine alilalamika kwamba mwenzake anamwita kuruta, wakati yeye ndiye aliyetangulia kuingia jeshini, na anaweza kuleta mashahidi. Wa tatu alitaka nimchukulie hatua mtu anayekoroma kwenye mikutano. Nilipomuuliza ni nani, akasema hawezi kumtaja kwa sababu ni rafiki yake. Nikapokea yote, nikasema nimepokea, wakiondoka nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Na muda wote huo gari lilikuwa linapita nje ya dirisha langu.

Gari lenyewe ni basi dogo jeupe, limeandikwa jina la chama ubavuni, na chini yake maneno kwamba ni la kubebea wagonjwa na walemavu. Tulilipata kwa wafadhili baada ya kuzungushwa sana. Siku za kliniki lilitakiwa kupita nyumba kwa nyumba likikusanya watu. Badala yake lilipita limejaa nguzo za maturubai zimetokeza dirisha la nyuma, na viti vya plastiki vimepangwa mpaka kwenye paa, kwa sababu Kapteni alikuwa na biashara ya kukodisha maturubai, viti na spika za sherehe. Lilianza kwa harusi ya mpwa wake, siku moja tu. Kisha ikawa harusi ya rafiki wa mpwa. Sasa ilikuwa kila wiki, na sisi tukisimama barabarani tunalipungia mkono.

Hakuna aliyesema kitu. Na msinione mimi ni mwema, hata mimi sikusema. Tuna kaugonjwa ketu. Kila mwisho wa mkutano Kapteni husimama, ananyoosha shati, anauliza kwa sauti ya uwanja wa gwaride, "Kuna mwenye shida?" Na sisi, watu wazima wenye presha, sukari, magoti mabovu na watoto wasiopiga simu, tunajibu kwa pamoja mpaka vioo vinatetemeka: "Hakuna, afande!" Kisha tunatoka nje tukichechemea.

Yaliyonitoa usingizini yalikuja na mdogo wangu. Aliingia saluni asubuhi, kabla ya wateja, akafunga mlango, akatoa kwenye mkoba soksi moja ya sufu.

"Dada, tazama hii."

Niliitambua. Ni soksi anayovaa mume wake kwenye kigutu, kabla ya kuingiza mguu bandia. Shemeji yangu alikatwa mguu chini ya goti akiwa bado kazini, na sisi tunamwita Mabuti. Jina alijipa mwenyewe. Husema kwamba kila jozi ya viatu anayonunua, kimoja kinabaki kipya maisha yote, kwa hiyo yeye ndiye tajiri wa mabuti. Na kazi yake, kama vile Mungu anatania, ni ushonaji viatu.

Soksi ilikuwa imekakamaa kwa damu iliyokauka.

"Anaifua mwenyewe kwa siri," mdogo wangu akasema. "Ananiambia sabuni yangu inamwasha. Leo nimeikuta ameificha ndani ya kiatu. Mguu ule wa zamani umemchubua mpaka nyama, dada, na hasemi."

"Na ule mpya?"

Hapo ndipo akaanza kulia. Mguu mpya ulikuwa unatengenezwa kwenye karakana ya miguu bandia, mji mwingine. Walishamchukua kipimo kwa plasta, kilichobaki ni kwenda kuujaribu. Gari la chama lilimwacha mara ya kwanza. Likamwacha mara ya pili, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba amevaa shati lililopigwa pasi. Basi la abiria lina ngazi ndefu ambazo yeye na magongo yake hawaziwezi. Sasa fundi alikuwa amepiga simu. Kigutu hubadilika umbo, alisema, na asipofika Jumatano ijayo kipimo kile kitakuwa hakifai tena. Itabidi aanze upya, nyuma ya foleni ambayo watu wanaizeekea.

"Kwa hiyo asipoenda Jumatano?"

"Abaki na huu unaomla."

Damu ilinichemka. Nilifunga saluni hapo hapo, nikamwandikia mteja wa saa tatu aje kesho, nikaenda mguu mosi mguu pili mpaka kibandani kwa shemeji.

Nilimkuta amebana kiatu cha mwanamke katikati ya mapaja, anagonga kisigino. Mteja alikuwa amesimama mbele yake na kandambili.

"Kinabana wapi?" Mabuti akamuuliza. "Usinifiche. Nikikisia nitakiharibu."

Mteja akamwonyesha, akaondoka. Mimi nikamrushia ile soksi mapajani.

Akaitazama. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la kukwepa. "Shemeji, umeanza kuokota nguo za watu?"

"Usinitanie. Njoo stoo kwangu leo useme habari za gari."

"Hakuna shida kubwa."

"Mteja akikuambia hakuna shida huku kidole kimevimba, utamwelewa?"

"Mteja si askari."

"Na wewe si askari tena, ni mshona viatu mwenye kidonda! Jumatano ikipita huna mguu. Unataka mdogo wangu afue damu mpaka lini?"

Hilo lilimwingia. Aliweka nyundo chini. Akaikunja soksi taratibu, akaitia mfukoni.

"Basi nitalalamika," akasema. "Lakini nitafanya kwa utaratibu."

"Ndiyo! Utaratibu ndio mimi!"

Nikarudi kazini naimba. Mimi mjinga. Nilitakiwa kumuuliza anamaanisha utaratibu upi.

Kesho yake nilikaa stoo nikimngoja. Nilikuwa nimefuta vumbi, nimeweka chai kwenye chupa na vikombe viwili. Jua lilipokaribia kuzama ndipo akatokea, amevaa bereti na beji zote kifuani, akaegemea mlango.

"Imeshindikana," akasema.

"Nini kimeshindikana? Kaa hapo useme, naandika."

"Siwezi. Nilikwenda kwanza kwa Kapteni kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kumlalamikia."

Nikaweka kalamu chini. "Shemeji. Umekwenda kwa mtu, ukamwomba ruhusa ya kumshtaki yeye mwenyewe?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Mwenye malalamiko anapita kwa mkubwa wake. Huwezi kumruka mkubwa. Na mkubwa wangu ni yeye."

"Akasemaje?"

"Akasema ombi limepokelewa, ruhusa haijatolewa. Nikapiga saluti nikaondoka."

"Ukapiga na saluti!"

"Ningefanyaje, Koplo? Niondoke hivi hivi?"

Nilicheka, wallahi, halafu nikataka kulia, halafu nikachukua kikombe chake cha chai nikanywa mimi. Nilimsomea katiba neno kwa neno: mwanachama yeyote, bila kibali cha mtu yeyote. Alisikiliza kwa heshima zote. Akasema ni katiba nzuri sana. Akasema pia kwamba amri ni amri. Akaenda zake.

Niliwafuata wengine walioachwa na gari. Sajenti mnene alisema anasubiri kuona Mabuti amepewa ruhusa, kisha naye ataomba. Mpiga tarumbeta, ambaye macho yake yanafifia na alikosa miadi ya daktari kwa ajili ya maturubai, alikiri kwamba ameshaliandaa ombi lake la ruhusa kichwani tangu mwaka jana, bado anatafuta siku ambayo Kapteni yuko katika hali nzuri. Na mimi katiba inanifunga: mpokeaji anapokea, hawezi kuwa mlalamikaji. Nikaona maji yamenifika shingoni.

Nikaamua kwenda kwa Kapteni mwenyewe. Alikuwa nyuma ya nyumba yake anakunja turubai na Gia, dereva wa chama.

"Afande, umemkatalia Mabuti."

"Koplo, malalamiko yana ngazi zake."

"Na wewe umekaa juu ya ngazi!"

Gia akageuka upande wa pili, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kapteni hakucheka. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Si mtu mbaya yule. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kwangu kutwa nzima akipokea wageni. Nampenda, na siku ile ningeweza kumpiga na kitana.

"Shemeji yako huyo, unamtetea," akasema.

"Ndiyo maana siamui mimi, wataamua watatu. Kazi yangu ni kupokea tu."

"Basi Jumapili kuna mkutano. Nitauliza kama kawaida. Mwenye shida atasema."

Alijua tutajibu nini. Au labda hakujua, mpaka leo sina hakika. Nilipogeuka kuondoka, nikaona lile gari limezuia njia, nikaropoka kwa hasira, "Gia! Sogeza gari!" Na Gia, mwenye mgongo mbovu na miaka yake yote, akatupa kamba, akakimbia, akasogeza gari. Hakuuliza kwa nini. Hakumtazama hata Kapteni kwanza.

Nilitembea mpaka nyumbani nikimfikiria Gia anavyokimbia.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mdogo wangu alikaa na wake wa wanachama pembeni. Mabuti alikuwa safu ya tatu, bila mguu, suruali imebanwa na pini, magongo yamelala chini ya kiti. Tukapitia ajenda zote, za paa linalovuja na za sare za bendi. Kisha Kapteni akasimama, akanyoosha shati.

"Kuna mwenye shida?"

"Hakuna, afande!"

Na mimi pia! Nilijisikia kabisa, sauti yangu imo, tena juu kuliko wote. Mdogo wangu akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikasimama kabla Kapteni hajafunga mkutano.

"Mwenyekiti, taarifa za nidhamu ni ajenda yangu kikatiba, na sijaitwa."

Hakuweza kukataa, katiba alikuwa ameishika yeye mwenyewe pale mezani. Nikapita mbele. Niliwatazama wenzangu, nyuso zile zote nilizozizoea, na wote walinitazama kama watu wanaosubiri niulize swali ili wajibu hakuna. Sikuuliza. Nilivuta pumzi mpaka tumboni.

"Mguu sawa!"

Viti vikapiga kelele. Ukumbi mzima ulisimama wima, vifua mbele, hata waliokuwa wanasinzia. Mpishi mkuu wa zamani, mwenyekiti wa ile kamati ya watu watatu, alisimama na biskuti mdomoni.

"Wote mlioachwa na gari la chama siku ya kliniki, hatua moja mbele, tembea!"

Wakatembea. Sakafu ilipiga kishindo kimoja. Sajenti mnene, mpiga tarumbeta, wajane wawili wenye kadi za chama, yule aliyekuja kushtaki mkoromaji, nusu ya ukumbi. Walijikuta mbele, wakatazamana kulia na kushoto, na nadhani mpaka wakati ule kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Na Gia naye amepiga hatua.

"Gia, wewe ni dereva!" nikamwambia.

"Nina kliniki ya mgongo, Koplo. Siku hiyo nilikuwa nabeba viti."

Watu walivunjika mbavu. Kicheko kilipotulia, niliona mtu mmoja hajatoka kwenye mstari wake. Mabuti alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia kiti cha mbele, macho kwa Kapteni. Ruhusa yake haikuwa imetolewa. Amri yangu ilikuwa inamvuta mbele, na ile nyingine inamrudisha nyuma, na mguu wa kugawa alikuwa nao mmoja tu. Jasho lilimtoka. Sikumwamuru tena. Hilo lilikuwa lake, na kama angekaa chini, Jumatano ingepita na mimi nisingekuwa na la kumfanyia.

Akainama. Akaokota gongo moja, akalitupa mbele, akaruka.

Hatua yake ilisikika peke yake.

"Naomba ruhusa—" akaanza.

"Sema!" ukumbi ukamjibu kwa pamoja, kama tulivyozoea kujibu hakuna.

Akasema. Hakuwa na maneno mengi. Gari halikuja mara mbili, siku zote mbili lilibeba maturubai ya mwenyekiti, na Jumatano lisipokuja hatapata mguu. Kisha akageukia kwangu, akauliza kwa upole kama hiyo inatosha.

"Nimepokea," nikasema.

Kapteni alikuwa bado amesimama kwa mguu sawa, maskini, amri ilimshika naye. "Kila mwezi niliuliza," akasema polepole. "Kila mwezi mlisema hakuna. Nikaona gari limekaa tu."

Na ilikuwa kweli. Si kweli yote, maana macho alikuwa nayo, na Mabuti alimwambia. Lakini nusu ya kosa ilikuwa yetu.

Kisha akafanya jambo ambalo nitamheshimu kwalo. Alivua kofia, akatoka meza kuu, akaja akakaa kiti cha wanachama, kwa kuwa anayelalamikiwa hakalii kiti cha kuamua. Mpishi akameza biskuti yake, akachukua nafasi. Kesho yake wale watatu walimsikiliza Mabuti, wakamsikiliza Kapteni, wakamsikiliza na Gia, ambaye alipoanza hakunyamaza. Kapteni alivuliwa uenyekiti mpaka uchaguzi. Ufunguo wa gari ulihamia kwa mpishi, ambaye anaulinda kama alivyokuwa akilinda sukari kambini. Na Kapteni akatakiwa aombe radhi kwa kila mmoja, nyumbani kwake, na gari alioshe mwenyewe. Aliliosha. Jumatano asubuhi lilipopiga honi mbele ya nyumba ya mdogo wangu, lilikuwa linameta, ingawa kigingi kimoja cha turubai kilikuwa kinabingirika chini ya viti njia nzima.

Karakana ya miguu bandia inanuka plasta na gundi. Kuna miguu imetundikwa ukutani bila wenyewe, kuna vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, na mwisho wa vyuma kuna kioo kirefu. Fundi alikuwa msichana mwembamba mwenye penseli sikioni. Alimvisha Mabuti mguu mpya, akakaza mikanda, akarudi nyuma.

Mabuti alitembea. Alikwenda mpaka kwenye kioo akarudi, mgongo umenyooka, na mdogo wangu akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

"Panauma popote?" fundi akauliza.

"Hakuna tatizo," Mabuti akasema. Kifua kikatoka mbele.

Fundi hakuandika kitu. Alipiga magoti chini, akautazama mguu, akamtazama yeye usoni. "Mzee, kweli hakuna? Leo ndiyo siku ya kurekebisha. Ukishatoka nao, umetoka nao."

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanikanyaga.

Mabuti alijitazama kwenye kioo. Sijui aliona nani mle. Akashika vyuma kwa mikono yote miwili, na kwa muda nikadhani atatembea tena kutuonyesha kwamba ni mzima.

"Panauma," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana, fundi akasogeza sikio.

"Panauma hapa, pembeni. Na huku nyuma panafinya. Na ule wa zamani," akageuka, akamtazama mke wake, "ule umeniuma tangu siku ya kwanza. Siku zote. Nilikuwa sisemi."

"Najua," mdogo wangu akamwambia, akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja, mimi nimesahau kabisa kwamba nilikuwa na hasira na mtu yeyote duniani.

Fundi alitoa penseli sikioni, akachora duara palipouma, akauvua mguu, akaenda nao kwenye mashine ya kusagia. Tulimsubiri kwenye benchi. Shemeji akasema benchi ni gumu. Baada ya muda akasema feni inapiga kelele, na chai ya pale haina ladha, na mimi ninaongea sana, na mdogo wangu akitia chumvi kwenye mboga hutia nyingi, ameimeza tangu walipooana na sasa basi. Aliendelea hivyo mpaka mguu ukaletwa, akaendelea ndani ya gari, akamlalamikia Gia kila shimo la barabara. Mdogo wangu alikaa karibu naye, amemlalia bega, akimwambia, "Endelea. Na nini kingine?"